Usiku wa mazoezi

Mvua inanyesha, upepo wa Novemba unakata, na jirani yangu fundi bomba, ambaye pia ni mwokoaji wa baharini wa kujitolea, anavaa mabuti ya mpira. Nikamuuliza: kuna chombo kimezama? Akasema hapana, leo ni usiku wa mazoezi.

Mazoezi! Neno hilo limeninyima usingizi. Hapa Poole, kusini mwa Uingereza, ndipo makao makuu ya RNLI, chama cha uokoaji baharini kilichoanza 1824. Waokoaji wake wengi wanajitolea, na wengi hawakutoka kwenye kazi za bahari, kwa hiyo hufundishwa tangu mwanzo. Chuoni kwao kuna bwawa: taa zinazimwa, mawimbi yanatengenezwa, boti inapinduliwa, nao wanatakiwa kuigeuza wakiwa majini gizani. Wanaijua hofu mapema, mahali ambapo hofu haiui mtu.

Najua mtakachosema. "Kaona Ulaya, anatudharau." Mimi mtoto wa Nungwi, Zanzibar, simdharau mtu. Usiku ule wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipopinduka, wavuvi wetu walitoka. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba 2022, waliowahi walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ushujaa hatujaupungukiwa hata siku moja, na nauvulia kofia.

Lakini mvuvi yule nani alimfundisha kumshika anayezama asizame naye? Nani alimpa redio? Tunamwachia abahatishe, kisha tunampa mkono wa pongezi baada ya mazishi, tunaunda tume, tunasubiri chombo kingine. Inaniuma, jamani!

"Wenzetu wana hela." Hela za nani? Chama kile kinaishi hasa kwa michango na wasia wa watu. Nimemwona bibi kizee akitia sarafu kwenye kisanduku chenye umbo la boti. Sisi tunaokaa vikao vya harusi miezi mitatu, kadi kwa kadi, tunashindwa kuchangia kamba, redio na majaketi okozi ya vijana kumi wa kijiji? Vijana wenyewe wanaijua kusi na kaskazi kuliko mtu yeyote wa Poole!

Jirani kanifundisha kurusha kamba ya kuokolea uani kwake. Nilirusha mpaka bega likaniuma, ndoo nikaipata mara nne. Desemba nakuja, na kamba ipo begini. Anayetaka kujifunza anikute pwani alasiri, maji yakijaa. Nawaomba wenye ngalawa waje nazo.