Uongo kwa Bibi: Kiini cha Rent-A-Girlfriend

Anime (katuni ya Kijapani) ya Rent-A-Girlfriend, iliyotokana na manga (hadithi ya michoro) ya Reiji Miyajima na kuanza kuonyeshwa Japani mwaka 2020, imewagawa watazamaji kuliko ilivyo kawaida kwa vichekesho vya mapenzi. Wanaoipinga wana hoja nzito. Kazuya Kinoshita, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeachwa na mpenzi wake baada ya mwezi mmoja tu, anamkodi Chizuru Mizuhara awe mpenzi wake kwa malipo kupitia programu ya simu, kisha anampa alama duni kwa hasira ya kugundua kwamba upole aliotendewa ndio wanaotendewa wateja wote. Alilipia huduma, akadai na moyo. Misimu minne imeshatoka hadi 2025, na kijana huyo bado anasitasita. Hapo siwezi kumtetea.

Lakini uongo unaoibeba hadithi hii, kwamba wawili hao ni wapenzi kweli, haukutokana na tamaa. Ulizaliwa hospitalini, pale bibi yake Kazuya alipomwona Chizuru akadhani mjukuu wake amepata mchumba, akafurahi mno, huku Sayuri, bibi yake Chizuru, akiwa mgonjwa papo hapo. Yeyote aliyewahi kumficha mzee jambo kwa kuihofia afya yake anajua kwamba uongo wa namna hiyo ni mgumu kuutengua kuliko ule wa hila, kwa kuwa kila siku ya kuchelewa humwongezea mzee furaha ambayo ukweli utakuja kuinyang'anya.

Upande wa Chizuru ndio unaonivutia zaidi. Huduma ya kukodi wapenzi ipo kweli nchini Japani, na yeye anaifanya kama kazi yenye nidhamu, akijifunza humo uigizaji anaoutamani, na mteja anayemvunjia heshima humkemea bila woga. Hadithi inapomwonyesha hivyo, inaiheshimu kazi yake. Kwa bahati mbaya, mara nyingi mchoro wenyewe unamkagua mwili kwa jicho lilelile la mteja ambalo hadithi imetoka kulikosoa, na kasoro hiyo naiona kubwa kuliko uzito wa Kazuya kusema anachokihisi.

Msimu wa tatu, wa 2023, unakaribia kufidia kasoro hizo. Sayuri anakaribia kufa kabla hajamwona mjukuu wake kwenye filamu, basi Kazuya anachangisha fedha mtandaoni ili filamu hiyo itengenezwe. Kwa mara ya kwanza anamtumikia Chizuru badala ya kumlipa amtumikie yeye. Baada ya mazishi ya Sayuri, Chizuru anaendelea kutabasamu kama alivyozoea kazini, na Kazuya, akiutambua uigizaji huo, anamtoa matembezi yasiyo na lengo jingine ila kumpa nafasi ya kuhuzunika, mpaka machozi yanamtoka mbele yake.