Mjamzito akilala chumba kimoja na mwenye mkanda wa jeshi

Mwaka juzi nyumbani kwetu Tanga bibi aliugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimtoka upande wa kushoto, kutoka mgongoni kuzunguka hadi chini ya titi, na maumivu yake hata khanga ikimgusa analia. Alikuwa akilala chumba kimoja na mdogo wangu, mjamzito wa wiki 16. Siku ya nne shangazi akaamua: mjamzito ahame. Akahamishiwa kwa watoto, akalala godoro moja na mpwa wetu wa miaka minne aliyekuwa na homa kidogo na mafua. Baada ya usiku wa pili, mama yake anamvua mtoto fulana amwogeshe, anakuta tumboni vipele vitatu vyenye maji, mithili ya matone ya umande. Tetekuwanga.

Lawama zikamwangukia bibi. "Si niliwaambia? Keshamwambukiza mtoto." Lakini tangu mtu aambukizwe tetekuwanga mpaka vipele vitoke hupita siku 10 hadi 21, na bibi alikuwa hajatimiza hata wiki tangu aanze kuugua. Mtoto aliupata ugonjwa kwingine. Sisi ndio tuliomtoa mjamzito kwenye hatari ndogo tukamlaza kwenye hatari kubwa.

Hata hivyo, shangazi hakuwa anaropoka. Magonjwa haya mawili yanaletwa na virusi vya aina moja. Ukishaugua tetekuwanga, virusi havikutoki. Hujificha kwenye mizizi ya neva miaka na miaka, na kinga ikishuka kwa uzee au maradhi huamka na kufuata neva moja. Ndiyo maana malengelenge hujipanga kama mkanda, upande mmoja tu wa mwili. Majimaji yake yana virusi hai. Mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga akiyagusa anaweza kuambukizwa, ila atakachougua ni tetekuwanga. Mkanda wenyewe hauruki kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo tahadhari ina msingi wake, hasa malengelenge yakiwa usoni, au mgonjwa akiwa na kinga dhaifu sana. Yakiwa ubavuni, yamefunikwa kwa bandeji safi na nguo, hatari kwa walio karibu hupungua sana.

Tetekuwanga haikungoji uiguse. Husafiri kwa hewa, tena siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijaonekana, na huendelea kuambukiza mpaka vipele vyote vikauke na kufanya magamba. Mwongozo wa Uingereza unahesabu kwamba umekutana nayo ukikaa chumba kimoja na mgonjwa kwa dakika 15 tu, au mkizungumza uso kwa uso. Mdogo wangu alikuwa amelala naye usiku mbili.

Upande wa pili alisimama mama. Kwake, kelele zote hizi ni za bure: "Tumelea wagonjwa wa tetekuwanga na mimba zetu tukajifungua salama." Na takwimu, kwa sehemu, ziko naye. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ujerumani na Uingereza uliofuatilia wajawazito 1,373 walioshikwa na tetekuwanga. Watoto tisa tu ndio waliozaliwa na madhara yake, yaani makovu ya ngozi, mkono au mguu uliodumaa, matatizo ya macho au ubongo. Kwa waliougua kabla ya wiki 13 ilikuwa asilimia 0.4, na kati ya wiki 13 na 20 asilimia 2. Utafiti huohuo ulikuwa na wanawake 366 walioshikwa na mkanda wa jeshi wakiwa wajawazito. Hakuna hata mtoto mmoja wao aliyeonekana na madhara hayo, kwa sababu mama wa namna hiyo tayari ana kingamwili, yaani askari wa damu dhidi ya virusi hivyo, na kingamwili hizo humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma.

Ninapoachana na mama ni hapa. Mbili katika mia ni ndogo, lakini si hesabu yote. Tetekuwanga ya ukubwani huweza kushuka mapafuni ikaleta nimonia, na mjamzito akiipata huweza kupoteza maisha yeye mwenyewe. Halafu kuna siku za kujifungua. Vipele vikimtoka mama kati ya siku tano kabla ya uzazi na siku mbili baada yake, mtoto huweza kuzaliwa na virusi pasipo kingamwili za kumkinga, na bila matibabu ya haraka huweza kuugua vibaya mno.

Tena mama husema pia kwamba "kila mtu ameshaugua", kauli ambayo ina nguvu zaidi Ulaya kuliko kwetu. Kwenye nchi za baridi, pasipo chanjo, karibu watoto wote huugua wakiwa wadogo. Nchi za joto, wengi hufika utu uzima hawajaipata. Ndiyo sababu wakunga wa Uingereza huelekezwa kuwa makini na mjamzito aliyekulia nchi za joto. Dada wa Kitanzania aliyehamia London, ana mimba ya pili na mtoto wa kwanza ndiyo kwanza kaanza chekechea, asijifariji kwa maneno ya mama yangu.

Lakini hofu ya shangazi haikuanza na mimba. Tangu Ukimwi uingie, mkanda wa jeshi kwetu umekuwa kama tangazo kifuani kwamba mtu ana virusi vya Ukimwi. Kijana akiupata, ni sawa kabisa apime. Ila minong'ono imemfikia hata bibi wa miaka zaidi ya 70, ambaye uzee pekee unatosha kuuamsha. Mtu anayenong'onwa huficha malengelenge, hachukui dawa mapema, na kijana hapimi.

Kuhusu chanjo ya tetekuwanga, Mjapani Michiaki Takahashi aliitengeneza mwaka 1974, na Marekani ikaanza kuwapa watoto wote mwaka 1995. Uingereza ilisita mpaka Januari 2026. Moja ya hofu zake ilikuwa kwamba ugonjwa ukipungua bila kwisha, wasiokingwa wataupata wakiwa wakubwa, wajawazito wakiwemo. Shirika la Afya Duniani nalo linataka nchi iweze kuchanja angalau asilimia 80 ya watoto ndipo ianze. Kwetu haimo kwenye ratiba ya taifa, na sioni ubaya surua itangulie. Ila mwanamke anayepanga kuzaa, asiye na kinga na mwenye uwezo, achanjwe dozi mbili kabla, kisha asubiri mwezi mmoja. Akishashika mimba haichomwi, maana ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Aliyekwisha kukaa na mgonjwa swali lake ni moja: umewahi kuugua tetekuwanga? Kama hapana, au hajui, apime damu upesi. Asingoje vipele, kwa kuwa sindano ya kingamwili hutolewa ndani ya siku 10, na Uingereza huanza vidonge vya asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivi, siku ya saba tangu kukutana na mgonjwa. Na asiende kukaa kwenye benchi la kliniki na wajawazito wenzake. Apige simu, au amwambie nesi akiwa bado nje.

Mdogo wangu hakukumbuka chochote. Mama akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta juu ya nyusi. "Hili hapa kovu. Ulikuwa darasa la pili, nikakukataza kukwangua, ukakwangua." Hatukuishia kwenye kovu, damu ilichukuliwa ikapelekwa Dar es Salaam, na majibu yakarudi kwamba kingamwili zipo. Siku hiyo alibeba mto wake akarudi kulala kwa bibi.