Kofola mbili, bili ya bia ishirini na kitu

Jamani mkihamia Prague msithubutu kumwambia mama mwenye nyumba kwamba mnapenda kusoma. Mi nilimwambia, tena kwa heshima tu, ili aone kapata mpangaji mstaarabu, nikamwambia nina Kafka kwenye begi. Mama wa watu akaguna. Akasema Kafka sawa, mtoto wa hapahapa, ila kaandika kwa Kijerumani, na mgeni ukianza naye utadhani mji mzima watu wanaamka asubuhi wamegeuka wadudu. Akaingia ndani akatoka na mzigo wa vitabu mpaka kidevu kimeshikilia cha juu.

Kulikuwa na Čapek, yule aliyeleta maroboti jukwaani kwenye tamthilia yake ya 1920. Kulikuwa na Hrabal, riwaya ya weita mmoja mfupi aliyemhudumia mfalme wa Uhabeshi, na humo anabanikwa ngamia mzima, ndani ya ngamia swala, ndani ya swala bata mzinga, ndani ya bata mzinga samaki na mayai. Akaniuliza kwa upole kabisa kama na kwetu Tanga tunapika hivyo. Nikamwambia mama, sisi samaki tunamla peke yake.

Ila alichonikazania ni Hašek, Askari Švejk, tafsiri ya Kiingereza, limekwisha hata gamba. Na sharti juu: hiki hakisomwi chumbani, nenda kakisomee baa. Nikasema mama, mi bia situmii. Akasema kwani nimekwambia ukanywe, nimekwambia ukasome.

Huyo Hašek nikamtafuta kwanza kwenye simu, jamaa alikuwa kituko. Kazaliwa Prague 1883, mwaka uleule na Kafka, ila wakati mwenzake anaenda ofisini kwenye bima, yeye anauza mbwa. Akapewa kuhariri gazeti la wanyama, akaanza kuandika habari za wanyama aliowatunga mwenyewe, akafukuzwa. Mwaka 1911 akaanzisha chama cha siasa cha maendeleo ya wastani ndani ya mipaka ya sheria, mikutano inafanyika baa. Kafariki 1923 hajafika hata arobaini na kitabu hajamaliza. Mtu kama huyo usipomsoma utamsoma nani.

Basi Jumamosi mchana nikaingia baa moja ya mtaani huko Žižkov, nikakaa meza moja na wazee watatu, maana kule meza ni ya wote. Sijafungua hata mdomo, weita kashatua bia mbele yangu, kachora kamstari kwenye kijikaratasi chembamba, kakiacha mezani, kaondoka. Bia nikamsogezea mzee wa pembeni, akaipokea kama vile tulikubaliana jana. Nikaagiza Kofola, ile soda yao nyeusi ya tangu enzi za ukomunisti, weita akaandika kaherufi pembeni akapotea tena.

Nikafungua kitabu. Sasa Švejk ni Abunuwasi aliyevishwa magwanda, huwezi kujua ni mjinga au anawafanya wenzake wajinga. Anaambiwa Ferdinand kauawa, yaani mrithi wa ufalme, vita kuu inakuja, yeye anauliza Ferdinand yupi, maana anawajua wawili, mmoja alikunywa mafuta ya nywele kwa bahati mbaya na mwingine anaokota mavi ya mbwa. Mwenye baa anaingia jela miaka kumi kwa sababu alisema inzi walikuwa wanainyea picha ya mfalme. Nacheka peke yangu, wazee wananitazama.

Na Švejk ana tabia, kila akibanwa anakuja na hadithi ya mtu fulani anayemjua, hakimu kauliza hivi yeye anajibu kwa habari ya jirani yake, daktari kauliza vile yeye kashafika kwa fundi viatu. Nikaona hizi lazima nizihesabu, kalamu ninayo, daftari limebaki nyumbani, ila karatasi si ile pale mezani. Kila hadithi, mstari. Ya tano naikata mshazari kama tulivyofundishwa shule. Saa zikaenda, Kofola ya pili ikaja mkono kwa mkono nimeinamia kitabu, msitu wa mistari unaota.

Jioni naomba kulipa, weita anachukua karatasi, ananyamaza. Anahesabu kwa kidole. Ananitazama macho, ananinusa kabisa jamani. Ananitajia hela nikadhani kauza na kiti.

Kumbe ile karatasi ndiyo bili yenyewe, mstari mmoja bia moja, na mteja haigusi. Nikampigia kaka mmoja wa Kigoma aliyekaa huku siku nyingi. Kaka, nimeandika kwenye karatasi ya weita. Kimya. Umeandika na kalamu? Ndiyo. Aisee, bora hata ungemtukana. Akakata simu.

Wazee nao wakaingilia. Mmoja akasimama kunipa mkono, anasema katika maisha yake hajaona mtu kanywa bia ishirini na kitu na bado anasoma maandishi madogo namna ile, na hajaenda chooni. Nikiri tu kwamba kwa dakika moja ile heshima niliipenda. Weita anasema wanaojipunguzia mistari anawajua, wa kujiongezea ndiyo kwanza.

Ikabidi nifungue kitabu nionyeshe, hii hapa hadithi, mstari, hii hapa, mstari. Yule mzee mwenye Kiingereza cha kuungaunga akavaa miwani. Nikajua nimepona. Kumbe ananiambia hesabu yangu si sahihi! Nimeruka nyingi! Wakaanza kugombana kama yule wa mafuta ya nywele ahesabiwe au asihesabiwe maana kapita haraka, weita naye kaweka trei chini anatetea ahesabiwe, meza ya pili wanapiga kelele kwamba tafsiri ya Kiingereza haiwezi kuwa na zote. Mwisho kaleta karatasi mpya: Kofola mbili na bia moja. Ya mzee. Hiyo hakuna aliyeitetea.

Ile karatasi iliyoharibika wakanigeuzia nyuma waniandikie vitabu vya kusoma baada ya hapa. Kundera akaleta ugomvi upya, mmoja anasema huyu wa nini, kaondoka 1975 kahamia Ufaransa akaishia kuandika Kifaransa, mwingine anasema ungekuwa wewe ungebaki? Na yule mzee wa bia yangu akajiegemeza taratibu akaanza, eti hilo linanikumbusha bwana mmoja fundi mabomba namjua mimi, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye karatasi mpya.

Weita akaninyang'anya kalamu.