Kabla hujaambiwa bampa limekufa, ligeuze

Jumamosi iliyopita nilipita gereji moja kule Kimara kumchukua jamaa yangu, na wakati namsubiri nikaona bampa la nyuma la Toyota IST, jeupe, limeegemezwa ukutani na mengine kama sita hivi yanayouzwa. Nikaliangalia nikapita, halafu nikarudi. Kona ya kushoto lilikuwa na duara la gundi lililoshika vumbi, alama ya stika iliyobanduliwa, na hiyo stika niliibandika mimi mwenyewe siku ya harusi ya binti wa mama mdogo. Lilikuwa bampa la mama mdogo. Lile lile ambalo mwezi mmoja nyuma, baada ya kurudi rivasi na kugonga nguzo ya geti lake mwenyewe, aliambiwa hapo hapo gereji, "Mama, hili limekufa, halitengenezeki, tukutafutie lingine."

Sasa limeoshwa, linasubiri mteja.

Siwezi kusema ameibiwa, maana aliliacha kwa hiari yake, hakuna aliyemnyang'anya. Ila ndo kinachoniuma zaidi. Mama mstaafu analipa laki mbili na themanini, anafungiwa bampa la silva kwenye gari nyeupe, anaambiwa rangi utapiga ukijipanga, na lake la asili linabaki pale kuwa mtaji wa mtu mwingine. Nikaligeuza pale pale mbele ya fundi. Ufa wa kama shubiri moja kutoka ukingo wa chini, sikio moja la pembeni, pale bampa linaposhikia kwenye bodi, limeng'oka nusu, na ubonyeo mkubwa katikati. Basi. Na kwa ndani, imeandikwa kabisa kwa herufi ndogo zilizochongwa kwenye plastiki: >PP<.

Hizo herufi mbili ndo sababu ya mimi kuandika leo, kwa sababu watu wengi wanaamua kuhusu bampa kwa kuangalia mbele, kwenye rangi, mahali ambapo hakuna taarifa yoyote ya maana. Mbele unaona aibu tu, mikwaruzo, rangi imebanduka, moyo unakwambia nunua lingine yaishe. Taarifa ipo nyuma. Bampa nyingi za gari tunazoendesha hapa ni polipropilini au mchanganyiko wake, utakuta PP, PP+EPDM au TPO, na plastiki ya aina hiyo inayeyuka ikipata joto na ikipoa inashikana upya. Yaani inachomeleka. Ukikuta PUR hapo ni kitu kingine, ile haiyeyuki, inaungua, hiyo ni ya gundi maalum.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana ndo mahali tunapoumizwa. PP haipendi kushikwa na kitu. Supa gluu haikai. Faiba na risini yake haikai, itaonekana imeshika wiki ya kwanza halafu inabanduka kama gamba. Ile pati ya kunyooshea bodi ya chuma ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu bampa linapinda na pati haipindi, unapita matuta mawili ya Goba na kipande cha rafu rodi, pati inapasuka, rangi inapasuka nayo, na wewe unarudi kusema kweli bampa lilikuwa limekufa. Halikufa! Limetibiwa kwa dawa isiyo yake. Nimeona mabampa mazima kabisa yanatupwa kwa sababu mtu wa kwanza kulishika aliweka pati, wa pili akaweka pati juu ya pati, wa tatu akasema limekufa, na hakuna hata mmoja aliyeligeuza akasoma herufi mbili.

Fundi alitaka elfu tisini. Nikamwambia hili ni la mama mdogo wangu, nikamwonyesha ile alama ya stika, akanyamaza, akaangalia pembeni, akasema basi bro toa thelathini. Nikatoa. Sikutaka ugomvi.

Jumapili tukatandika mkeka chini ya mwembe nyumbani kwake. Ubonyeo ulitoka kwanza, na hauhitaji mashine: maji yaliyochemka birika zima, unamwaga taratibu juu ya sehemu iliyobonyea, plastiki inalegea, unasukuma kwa ndani kwa kiganja umevaa glavu, panaruka panarudi mahali pake na sauti kama ya mfuniko wa ndoo, halafu unamwagia ya baridi pakae hivyo hivyo. Mama mdogo alipiga kigelegele. Akasema, "Kumbe maji ya chai tu?"

Ufa ndo wenye kazi. Mwisho wa ufa unatoboa tobo dogo la milimita tatu ili usiendelee kutembea, kisha unachimba mfereji wa V kufuata ufa, na unaanza kuchomelea kwa nyuma, sio mbele. Mimi nilitumia ile pasi ya kuchomelea risasi ya mafundi redio, nikazamisha kwa ndani vipande vya wavu wa chujio la chai la stenlesi, vikae kama nondo kwenye zege. Plastiki ya kujazia nilikata kwenye bampa chakavu jeusi, gereji zimejaa, ukiomba kipande wanakupa bure. Ukikosa, kiti cha plastiki kilichovunjika kinafaa, ila geuza uangalie ile pembetatu ina namba 5, maana 5 ndo PP. Namba 2 ni plastiki nyingine, itayeyuka vizuri tu halafu haitashikana, itakudanganya. Na ukiona moshi mwingi ujue umezidisha moto, plastiki ikiungua inakuwa kama biskuti. Fanya nje, usikae kwenye ule moshi.

Sikio la pembeni lilinichukua muda kuliko ufa wote, karibu saa mbili, na ndo muhimu kuliko ufa. Masikio ndo yanashika bampa. Bampa lenye ufa katikati lakini masikio yote mazima, tengeneza bila kuuliza mtu. Bampa linalong'aa mbele lakini masikio yamekatika, hilo ndo gonjwa kweli, na ndo hilo utaliona limefungwa kwa skrubu za jipsamu. Za mama mdogo, kwenye lile la silva, zilikuwa nne. Nne! Zimepigwa moja kwa moja kutoka nje kupita bampa mpaka kwenye bodi ya gari, na moja tayari ilishaanza kutoa mchirizi wa kutu kwenye rangi nyeupe ndani ya mwezi mmoja. Klipu za bampa zinauzwa madukani Gerezani na Ilala, ni vitu vya bei ndogo kabisa, hakuna sababu yoyote ya kutoboa gari ya mtu.

Kuna wakati wa kubadilisha, sikatai. Kipande kimepotea na hukukiokota barabarani, masikio ya pande zote mbili hayapo, au plastiki imezeeka kwa jua ukikunja kidogo inakatika, badilisha. Gari mpya mpya zenye rada nyuma ya bampa usiziguse kwa pasi wala pati, rangi nene tu inaweza kuisumbua ile rada. Kama una bima kubwa, piga hesabu ya kile utakachokatwa kwanza kabla hujaanza kuhangaika. Na nakiri, ukipata yuzdi ya rangi ile ile ya kwako, masikio mazima, bei ya kueleweka, sitakulaumu ukiichukua.

Lakini vyovyote utakavyoamua, lifungue uangalie ndani. Plastiki ni sura tu. Gari nyingi nyuma ya ile sura zina sponji na chuma, na hivyo ndo vinavyopokea kishindo. Unaweza kuwa na bampa lililorudi vizuri lenyewe na chuma cha ndani kimepinda, na hilo si jambo la kufunika na bampa jipya ukaendelea na safari. Hapo mwite fundi bodi wa kweli. Wakati unafungua, kwa Toyota nyingi ni spana namba 10, bisibisi ya nyota na uvumilivu wa klipu, na uchomoe soketi za taa kabla hujavuta, na ukiona soketi ya njano usiiguse, hizo ni za eabegi. Nilipolitoa lile la silva, mwili wa gari nyuma ulikuwa umenyooka kabisa. Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Na ukibadilisha, la zamani liondoke na wewe. Hata kama huna pa kuliweka. Lipakie juu ya gari, lifunge kamba, uende nalo.

Rangi bado sijapiga. Rangi ya gari ya mama mdogo ni namba 040, ipo kwenye kibao chini ya boneti, ile nyeupe tupu isiyo na chenga, hivyo kulinganisha si kazi. Shida ni mvua, hewa ina unyevu na sitaki kuharakisha. Nimeshapiga msasa mpaka namba 400, nimepaka praima ya plastiki kwanza ndo nikaweka ile ya kawaida juu yake, maana bila hiyo ya plastiki rangi inatoka vipande vipande siku ya kwanza ukienda kuosha kwa mashine ya presha. Kwa hiyo sa hivi anaendesha na kovu la kijivu kama shubiri moja upande wa kushoto, na yale matobo manne ya skrubu nimeyasafisha kutu na kuyaziba.

Jana usiku kanipigia. Ametoka Mbezi mpaka Kibaha na kurudi, mvua njia nzima, alipofika akashuka na tochi ya simu akalishika bampa pembe zote mbili akalitikisa. Halichezi. Akaniuliza lile la silva tulipeleke wapi.