Gari la Plastiki la Tennessee na Gereji ya Mjomba Ilala

Mwaka 2004, nikiwa sijatimiza hata miezi mitatu Tennessee, Marekani, nilimwona msambaza barua akipita nyumba kwa nyumba huku ameketi upande wa kulia wa gari lake. Kwa mtu aliyekulia Ilala, ambako usukani wa kulia ndio usukani wenyewe na wa kushoto ni kituko cha magari ya balozi, jambo lile lilinipa faraja ambayo sikuitegemea, nikasimama kumtazama mpaka akanipungia mkono. Nilidhani gari lile lilitoka Japani, kama yanavyotoka ya kwetu. Jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwandani, ndiye aliyenisahihisha: lilikuwa Saturn, limeundwa Spring Hill, mji mdogo ulio kilometa 50 hivi kusini mwa Nashville. Kampuni ya Saturn ilianza kuuza magari yake Japani mwaka 1997, na kwa kuwa ilikwisha kujifunza kuhamisha usukani, ikawauzia pia wasambaza barua wa vijijini, ambao wengi hufanya kazi kwa magari yao wenyewe. Biashara ya Japani ilifungwa mwaka 2001. Kumpelekea Mjapani gari dogo ni sawa na kupeleka karafuu Pemba.

Ninaandika habari za gari hili kwa sababu kila ninaporudi nyumbani likizo nakutana na hukumu ileile, kwamba magari ya Kimarekani hayafai: yanakunywa mafuta, hayana spea, yanachoka upesi. Siyapingi yote hayo. Lakini nimeishi miaka mingi karibu na kiwanda hicho, nimemiliki gari lililotoka humo kwa miaka sita, na nimefika mahali pa kuamini kwamba tunachanganya mambo mawili, yaani ubora wa gari na tabia ya aliyeliunda. Saturn haikufa kwa sababu gari lake lilikuwa bovu kuliko mengine. Ilikufa kwa sababu wenye mali waliacha kulilea, na wenye magari hawakuwa na mtu kama mjomba wangu.

Kampuni iliundwa rasmi Januari 1985. Roger Smith, mwenyekiti wa General Motors (GM) wakati huo, alitaka gari dogo la kukabiliana na Toyota na Honda, ambazo zilikuwa zikiwachukulia Wamarekani wateja wao nyumbani kwao, na badala ya kuikabidhi kazi hiyo Chevrolet au jina jingine la zamani, aliamua kuanzisha kampuni mpya yenye kiwanda chake, wauzaji wake na mkataba wake wa pekee na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Chini ya mkataba huo wafanyakazi walikaa katika vikundi vilivyojiamulia mambo mengi ya kazi, sehemu ya malipo yao ikafungamanishwa na ubora wa walichokitoa, na viongozi wa chama wakaketi meza moja na mameneja. Wafanyakazi wa mwanzo walitoka viwanda vingine vya GM nchi nzima, hasa mahali ambako kazi zilikuwa zimekwisha. Jirani yangu alitoka Flint, Michigan, pamoja na mke, watoto na mbwa, na hata baada ya miaka kumi na minne wenyeji walikuwa bado wanaicheka lafudhi yake. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuwa mhamiaji ndani ya nchi yake mwenyewe, ingawa mimi niliyetoka Dar es Salaam, mji uliojaa watu waliotoka mikoani, sikuwa na sababu ya kushangaa. Gari la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 30 Julai 1990, Smith mwenyewe akiwa ukingoni mwa kustaafu.

Kilichowafanya watu walipende, hata hivyo, hakikuwa chuma wala plastiki. Kilikuwa bei. Muuzaji wa Saturn aliandika bei moja, na bei hiyo ndiyo aliyolipa daktari, mwalimu, mjane na mgeni asiyejua Kiingereza vizuri. Mtu aliyenunua gari jipya akijuta aliweza kulirudisha ndani ya siku 30 au maili 1,500. Siku ya kukabidhiwa funguo wafanyakazi wote wa pale waliacha kazi zao, wakamzunguka mnunuzi, wakampigia makofi na kumpiga picha. Wengine waliona ni mchezo wa kitoto. Mimi, niliyekuwa nimetoka kwa muuzaji mwingine mjini, ambako niliwekwa kitini saa nne nzima huku kijana mmoja akienda na kurudi eti anamwomba bosi wake ruhusa, na kila akirudi bei ikawa imebadilika umbo bila kushuka, niliona ni heshima. Nilinunua mtumba, SL1 la mwaka 1998, kwa dola 3,200. Kwa mazoea nilisema, "Bei ya mwisho je?" Mama aliyeniuzia alitabasamu akanionyesha karatasi kwenye kioo: hiyo ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho.

Hapo ndipo ninapowalaumu watu wa nyumbani, nami nikiwamo. Tumezoea kuamini kwamba kupatana bei ni utamaduni wetu na kwamba mnunuzi hodari hapunjwi. Kwenye nazi na vitenge, sawa. Lakini nimeona gari moja likitajwa bei tatu katika asubuhi moja, kwa sababu dalali wa kwanza alimleta dalali wa pili, naye akamleta shemeji yake mwenye simu ya mwenye gari, na tangazo lililoandikwa "bei maelewano" likageuka kuwa maelewano kati ya madalali watupu. Kilometa za kwenye dashibodi ni hadithi, kwa hiyo watu huhesabu herufi za namba ya gari ili kukisia limeingia nchini lini. Ajabu ni kwamba waliokuja kutupunguzia mateso haya ni Wajapani, walioweka picha, kilometa na bei kwenye intaneti, bei ikiwa pamoja na meli mpaka bandarini, kisha TRA, mamlaka yetu ya mapato, nayo ikaweka kikokotoo cha ushuru ambacho kila mtu anaweza kukifungua kwenye simu. Mtu wa Morogoro leo hununua gari lililoko Yokohama bila kubembelezana na mtu, na halalamiki kwamba ameporwa utamaduni.

Saturn ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1991 iligundulika kwamba magari yake zaidi ya 1,800 yalikuwa yametiwa kulanti mbovu, ile inayopoza injini, na badala ya kubadilisha redieta na kuomba radhi, kampuni iliwapa wenyewe magari mapya. Miaka miwili baadaye magari zaidi ya 350,000 yaliitwa yarudi kwa sababu ya hitilafu ya nyaya iliyoweza kuleta moto, jambo ambalo lingeliua jina la kampuni changa, lakini baadhi ya wauzaji waliandaa nyama choma na vinywaji, watu wakaja na watoto wao, wakala huku mafundi wakirekebisha. Kiangazi cha 1994 wenye magari zaidi ya 40,000 waliendesha mpaka Spring Hill, wengine wakitoka mbali sana, ili kutazama kiwanda kilichounda magari yao na kuonana na walioyaunda. Jirani yangu alikuwa miongoni mwa wenyeji wao. Alinihadithia juu ya matope, kwa kuwa mvua ilinyesha, na juu ya mwanamke aliyemwomba atie saini kwenye boneti.

Gari lenyewe lilikuwa la kawaida, na ninalisema hilo kwa upendo. Injini yake ya lita 1.9 ilinguruma kuliko ilivyokimbia. Lilikuwa na cheni ya taimingi badala ya mkanda, habari ambayo nilipompa mjomba kwa simu aliipokea kwa mguno wa kuridhika. Milango na madigadi yake yalikuwa ya plastiki, yamefungwa juu ya fremu ya chuma, kwa hiyo toroli la dukani likiugonga mlango, mlango ulibonyea ukarudi, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, ambayo huyala magari ya huku kama mchwa, haikuwa na cha kula pale. Boneti, paa na buti ndivyo vilivyobaki vya chuma. Aibu ya injini zile, wenyewe waliijua, ilikuwa kula oili: zilipozeeka, ringi za pistoni ziliganda kwa masizi na oili ikaungua pamoja na petroli bila kuacha hata tone sakafuni. Wengi waliua injini kwa kutopima oili tu, maana Mmarekani wa kawaida hafungui boneti mpaka taa iwake. Kwetu dereva wa daladala hupima oili kabla hajanywa chai. Mimi nilikuwa na mazoea ya kwetu, na langu halikunisumbua.

Mwaka 1994 Saturn iliuza magari zaidi ya 280,000, na kuanzia hapo ikaanza kuteremka. Chevrolet, Pontiac na Oldsmobile, majina mengine ya GM, zilikuwa zimenung'unika siku nyingi kwamba fedha zote zinakwenda kwa mtoto mdogo, na Smith aliyemlea alikuwa hayupo. Kwa karibu miaka kumi wateja waliolipenda lile gari dogo hawakupewa gari jingine la kuhamia familia zilipoongezeka. Lilipokuja kubwa zaidi, la mfululizo wa L, lilikuwa Opel ya Ujerumani iliyobadilishwa sura na kuundwa Delaware. Ule mkataba wa pekee wa wafanyakazi uliachwa, wakarudi kwenye mkataba wa wote. Mwaka 2007 Spring Hill yenyewe iliacha kuunda Saturn. Likafuata gari la Astra lililotoka Ubelgiji, na sijui nani aliona ni busara kuliuza kama gari la Tennessee.

Ion, lililochukua nafasi ya gari kama langu kuanzia modeli ya mwaka 2003, siwezi kulipita kwa mzaha. Lilikuwa miongoni mwa magari ya GM yenye swichi ya kuwashia iliyoweza kuteleza na kujizima lenyewe barabarani, na injini ikizimika, mifuko ya hewa haikufunguka. GM iliyaita magari hayo mwaka 2014, takriban milioni 2.6, wakati baadhi ya wahandisi wake walikuwa wameijua kasoro hiyo kwa miaka kama kumi, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Ukikumbuka yale magari 1,800 yaliyobadilishwa kwa sababu ya kulanti, utaona umbali uliokuwa umetembewa.

GM ilifilisika Juni 2009. Roger Penske, mfanyabiashara wa magari na mbio za magari, alikubali kuinunua Saturn, lakini alihitaji mtu wa kumuundia magari, na Renault iliyotarajiwa kufanya hivyo ikakataa. Tarehe 30 Septemba mwaka huo Penske alijitoa, na mwaka uliofuata maduka yakafungwa. Watu walioyalipa magari yao kwa mkopo waliamka wakikuta wana gari yatima, ambalo thamani yake ilishuka bila kuguswa na mtu.

Langu liliuawa na hesabu mwaka 2011. Paa mmoja, wale wanyama wa huku wanaofanana na swala wakubwa, ambao jioni hurukia barabarani bila onyo, alikutana na pua ya gari nikitoka kazini. Boneti ilikunjwa, redieta ikapasuka, taa mbili zikaenda, shoo ya mbele ikavunjika. Injini iliwaka. Milango ilikuwa mizima. Mtu wa bima alikuja, akapiga picha, akagonga tarakimu: matengenezo dola 2,600, gari lenyewe dola 1,400, na katika jimbo hili gharama ikipita robo tatu ya thamani gari huhesabiwa kwamba limekwisha. Nilisaini karatasi tatu nikapewa hundi. Nilihisi kama niliyetia saini cheti cha kifo cha mtu anayezungumza.

Mjomba ana gereji bubu Ilala, chini ya mwarobaini, na nilipoondoka nchini alikuwa bado anaihudumia pikapu ya Datsun iliyobeba nazi kutoka Mkuranga, zaidi ya miaka kumi baada ya Nissan kuliacha jina la Datsun. Hakuna aliyemwambia mwenye pikapu kwamba gari lake ni yatima. Lilipokosa bushi, mjomba alichonga nyingine au akatuma kijana Gerezani, mtaa wa spea wa Dar es Salaam. Lilipokosa redieta, ya gari jingine ilikatwa ikachomelewa. Thamani ya gari lile haikupangwa na ofisi yoyote ya Detroit wala Yokohama, bali na idadi ya mikono iliyokuwa tayari kulishika. Huku nilipo saa moja ya fundi inagharimu zaidi ya taa mpya, kwa hiyo hata gari zima hutupwa, na najua kwamba ujira huo mkubwa ndio unaomfanya fundi wa huku amiliki nyumba, wakati mjomba katika umri wa miaka sabini analala bado chini ya magari ya watu bila bima ya afya. Sijui ningechagua upi kama ningekuwa fundi. Kama mwenye gari, nachagua mwarobaini.

Nilimpigia kumpa taarifa.

"Shikamoo mjomba. Gari langu limekufa."

"Marahaba mjomba. Limekufaje?"

Nikamtajia kimoja kimoja: boneti, redieta, taa, shoo. Akanyamaza kidogo, nikasikia nyundo ya mtu nyuma yake.

"Sasa hapo limekufa wapi?"

Jumamosi yake nilikwenda kuchukua vitu vyangu kwenye yadi ya magari yaliyofutwa. Langu lilikuwa limepangwa pamoja na Saturn nyingine tatu, milango yote mizima, rangi inang'aa kama ya juzi. Nilipiga picha nikaituma kwa barua pepe ya binamu yangu ili amwonyeshe mzee. Siku mbili baadaye likaja jibu la mstari mmoja: mjomba anauliza kontena la futi 40 linachukua mangapi.