Kabla hujanukuu blogu, fungua kiwango chenyewe

Juzi jioni nimekaa zangu barazani Ngamiani, hapa Tanga, na kikombe cha kahawa, akaja kijana mmoja wa Makorora anamalizia digrii ya kompyuta, akasema shikamoo kaka, utafiti wangu umerudishwa. Nikamwambia marahaba, lete nione. Kaandika kuhusu TCP, ile kanuni inayohakikisha data inafika salama toka kompyuta moja hadi nyingine, inavyohangaika pale mtandao wa simu unapokuwa dhaifu, mada nzuri kabisa, na vipimo kavichukua mwenyewe, Raskazone na kule Pongwe, siku kwa siku, kazi ya jasho. Ila pale anapoeleza TCP ni kitu gani, marejeo yote ni blogu na video za Youtube, na palipo na RFC (zile hati rasmi za intaneti) kaweka RFC 793 ya mwaka 1981. Hiyo ilishapitwa! Agosti 2022 ilitoka RFC 9293 ikachukua nafasi yake, ikakusanya na masahihisho yaliyokuwa yametawanyika kwenye hati nyingine miaka yote hiyo. Msahihishaji kaona hilo, akaanza kuvitilia shaka na vile vipimo vilivyokuwa sawa.

Iliniuma, mana huyu kijana si mvivu hata kidogo, hakuna tu aliyewahi kumwonyesha. Vyuo vingi wanafundisha kutafuta papa (makala) za majarida, basi, habari ya viwango (standards) haiguswi. Na kiwango ndo makubaliano yenyewe. Zamani sokoni pishi ni vibaba vinne, muuzaji anajua na mnunuzi anajua, ndo mana biashara inakwenda. TCP nayo ni hivohivo, simu yako hapa Tanga na kompyuta iliyoko Ujerumani hazijawahi kuonana ila zinaelewana kwa sababu zote zinafuata hati moja. Sasa unaandikaje utafiti juu ya makubaliano ambayo hujayasoma, umesoma tu maneno ya mtu aliyesimuliwa?

Watu wanadhani viwango vyote ni vya kununua. Si kweli jamani. RFC zote ni bure, tangu ile namba 1 ya Aprili 1969, na nyingi ni maandishi matupu, hazili bando. RFC ikishatoka haibadilishwi tena, likibadilika jambo inatoka nyingine yenye namba mpya, kwa hiyo kabla hujasoma angalia ukurasa wake kwenye tovuti ya RFC Editor, wachapishaji wake, pameandikwa imefutwa na ipi na imeongezewa na ipi. Halafu si kila RFC ni kiwango, zipo za taarifa tu na zipo za majaribio, hilo nalo limeandikwa palepale. Dakika moja tu, kijana wangu angeiona 9293.

Kuna binti mwingine wa Chumbageni yeye anatafiti JSON, namna ya kuandika data ili programu tofauti zisomane, kaikuta kwa ISO, shirika la kimataifa la viwango, kama ISO/IEC 21778, bei kwa faranga za Uswisi, akaja ananiuliza kaka nichangishe? Nikamwambia mdogo wangu subiri kwanza. Kiwango hichohicho kilitokea Ecma, shirika jingine la viwango, kwa jina la ECMA-404, na Ecma wanatoa bure, na ukitaka upande wa intaneti ipo RFC 8259 ya Desemba 2017, bure pia. ISO na Ecma wote wako Geneva, mmoja anauza mwingine anagawa! Kwa hiyo ukikuta ISO ya kulipia, tafuta kwanza kama ina pacha kwingine. Lugha ya programu ya C nayo, kiwango chake ISO wanakiuza ila rasimu ya mwisho ya toleo la C11, ile N1570, iko wazi, cha msingi useme kwenye marejeo kwamba ulichosoma ni rasimu. Vya W3C (wavuti), NIST (wa Marekani) na ETSI (mawasiliano, Ulaya) unadaunlodi tu. Vya IEEE 802, vya chama cha wahandisi wa umeme, ambamo ndo imo Wi-Fi, vinatolewa bure miezi sita baada ya kuchapishwa, unajisajili unachukua, ila jipange, ile 802.11 ya 2020 ina kurasa zaidi ya 4,000, usiifungue kwa bando la siku.

Machapisho ya kampuni nayo msiyadharau, ila yasomeni kwa jicho la mnunuzi. Chukua QUIC, kanuni nyingine ya kusafirisha data kama TCP, ilianzia Google, mwaka 2017 wakatoa papa wakieleza walivyoiendesha kwao, halafu Mei 2021 ikawa RFC 9000, na hiyo ya RFC si ileile ya mwanzo, imebadilika mambo mengi. Papa ya kampuni inakuambia kwa nini walitengeneza na wao kwao ilifanyaje. Namna inavyotakiwa kufanya kazi leo, hiyo ukaitazame kwenye kiwango. Na majarida ya kulipia, muulize mkutubi wa chuo chako kama wameunganishwa na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu, usiulize mhadhiri, mkutubi ndo mwenye nywila.

Kijana sa hivi anaandika upya sura ya pili, vipimo hagusi. Mimi nimeziweka RFC kwenye flashi, zile zinaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa zikiwa nzima kama zilivyo (za IEEE na ISO simo, hizo kila mtu achukue mwenyewe kwao), basi ukipita Ngamiani jioni njoo na laptopu, kahawa ikiwepo tutakunywa.