Hizo mbili hazikatani hivyo

Tuisheni nyingi za hapa Nairobi hufundisha kipeuo cha pili kama kazi ya kukata: ukiona √x², kata alama, kata mbili, baki na x. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anapigiwa tiki na maisha yanaendelea. Mimi tiki hiyo siipendi.

Chukua √(72x⁵y²). Wengi ninaowafundisha mtaani Umoja huandika 6x²y√(2x) hata kabla sijaketi. 72 ni 36 mara 2, kwa hivyo 6 inatoka. Sawa. x⁵ ni x⁴ mara x, kwa hivyo x² inatoka na x moja inabaki ndani. Sawa pia. Sasa weka x = 2 na y = -3. Ndani unapata 20,736, ambayo kipeuo chake ni 144. Jibu la mwanafunzi linaleta -144.

"Lakini mwalimu, si mbili zinakatana tu?"

Hazikatani. Alama √ haitoi jibu hasi kamwe, kwa hivyo y lazima itoke ikiwa kati ya mistari miwili wima, yaani thamani yake bila alama ya hasi: 6x²|y|√(2x). Hapo ndipo darasa huamka: mbona x haina mistari? Kwa sababu x² haiwezi kuwa hasi. Na x yenyewe ingekuwa hasi, x⁵ nayo ingekuwa hasi, na kipeuo kisingekuwepo katika nambari halisi. (y ikiwa sifuri, hicho ni kisa kingine, tukiache.)

Vitabu hukwepa haya kwa kusema tuchukulie herufi zote ni chanya. Sina ugomvi na hilo, mradi lije baadaye. Anayeanza nalo hajui amesamehewa nini.

Kuna kosa jingine, baya zaidi ila jepesi kutibu: kudai √(x²+9) ni x+3. Weka x = 4; la kwanza ni 5, la pili ni 7. Mwanahisabati Christoff Rudolff alipochapisha alama √ mwaka 1525 haikuwa na mstari wa juu. Mwanahisabati mwingine, Descartes, ndiye aliyeuunganisha nayo mwaka 1637. Mstari huo ni paa, na waliojumlishwa chini yake hawatoki mmoja mmoja.

Kwenye kipeuo cha tatu, kata utakavyo: ∛(-8) ni -2, na ∛(x³) ni x. Ila kwa kipeuo cha pili, walimu wenzangu, swali la kwanza kabisa ubaoni liwe na y iliyo hasi, hata kama silabasi inawakimbiza.